Risala Ndogo Juu ya Nafaqa ya Nyumba na Akiba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad: mas'ala ya risala hii ni moja. Je, mtu mwenye mke na watoto, ambaye pato lake ni dogo wala haliji kila siku, akitenga kidogo kidogo katika siku za kupata kwa ajili ya siku za kukosa, huwa amepunguza tawakuli yake kwa Mola wake? Na asipotenga, hali aliweza kutenga, je, hupata dhambi au hapati?

Watu wa pwani wana methali mbili zinazopigana juu ya jambo hili. Moja yasema, akiba haiozi. Ya pili yasema, ponda mali kufa kwaja. Aghlabu ya watu huchukua ile inayoafiki hawaa ya nafsi yao kwa siku ile: mfuko ukijaa husema ya pili, na mfuko ukitoboka huikumbuka ya kwanza. Wala dini haikumwacha mtu achague methali kwa hawaa yake, bali imempa mizani ya kupimia.

FASLU YA KWANZA: Sura ya mas'ala

Ili mas'ala yafahamike, na itazamwe Wampembe. Wampembe ni kata katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Huenda mtu wa Tanga au Mafia au Kilwa akasema: ziwa liko mbali, nasi tuna bahari yetu. Jawabu ni kuwa kazi ni ile ile. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani kwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Taa huwavuta dagaa maadamu usiku ni wa giza, wa lakini mwezi ukijaa nuru ya taa hupotea katika nuru ya mwezi, na dagaa hawakusanyiki. Hapo vyombo hupandishwa mchangani na wavuvi hushona nyavu.

Kwa hivyo hesabu ya mvuvi wa dagaa huenda na mwezi wa Kiislamu, apende asipende. Mwezi unapoandama na unapokwisha ndizo siku za neema. Ama tarehe 13, 14 na 15, ambazo huitwa siku nyeupe na kufunga kwake ni sunna, pamoja na siku zilizo jirani nazo, ndizo siku za kukosa. Zaidi ya hayo kuna majira ya mvua, ambapo dagaa huvuliwa lakini jua la kuwakaushia halipatikani, na wengi huharibika kabla ya kufika sokoni. Tena kuna pepo za kusi, ambazo watu wa bahari na watu wa ziwa wote wanazijua.

Tena katika mwaka 2024 likaja jambo kubwa kuliko hayo. Nchi nne zinazopakana na ziwa, nazo ni Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wapate kuzaa na kukua. Tanzania ikafunga ziwa kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Idi ya kuchinja ya mwaka 1445 wa Hijra ilianguka katikati ya Juni, ndani ya miezi hiyo. Basi mtu ambaye nyumba yake hula kwa alichovua jana, alitakiwa kulisha watu wake siku 90 na zaidi pasina kuvua, na sikukuu imo ndani yake.

Sasa na atazamwe jirani yake aliye juu ya mlima. Mkulima wa Ufipa hulima mahindi, maharage na ulezi. Watu wa nchi hiyo wana ilimu yao ya tangu zamani ya kufukia majani katika matuta makubwa waliyoyaita ntumba, yakaoza yakawa mbolea. Mkulima huyu huvuna mara moja katika mwaka, akatia nafaka ghalani, akala kwa kipimo mpaka mavuno mengine. Hakuna mtu katika ulimwengu aliyemwambia mkulima huyu kuwa ghala lake ni upungufu wa imani. Lau angelikula mavuno yote katika mwezi mmoja, watu wote wangelimwita mpumbavu. Tofauti ya mkulima na mvuvi ni hii tu: wa kwanza riziki yake huja kwa jumla, na wa pili huja kwa vipande. Kwa sababu huja kwa vipande, mvuvi hudhani kuwa kila kipande ni cha siku ile, hali usiku 20 wa kuvua ndio mavuno yake ya siku 30.

FASLU YA PILI: Nafaqa ni haki, si fadhila

Neno nafaka ambalo Waswahili huliita mahindi na mtama na mpunga, asili yake ni nafaqa, nayo ni matumizi yanayomlazimu mtu kwa walio chini yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, nafaqa ya mke imekadiriwa kwa hali ya mume. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kuwa mume mwenye wasaa humlazimu mudi 2 za chakula kwa kila siku, mwenye dhiki mudi 1, na wa kati na kati mudi 1 na nusu. Pamoja na chakula kuna kitoweo, na nguo, na makazi, na vyombo vya nyumba. Kipimo hiki kimefuata aya ya Suratu Talaq inayomwamuru kila mtu atoe kwa kadiri ya alivyopewa.

Na msomaji azingatie mambo mawili katika hukumu hii. La kwanza, kipimo ni cha kila siku. Sheria haikusema mume alishe siku za giza na aache siku za mbalamwezi. La pili, nafaqa ya mke ikipita bila ya kutolewa haianguki, bali hubaki shingoni mwa mume kuwa deni kama deni la dukani. Ama nafaqa ya watoto na wazazi, siku ikipita huanguka, haiwi deni. Lakini dhambi ya kuwaacha na njaa hali alikuwa na uwezo haianguki pamoja nayo. Imepokewa kwa Mtume s.a.w. kuwa yatosha kuwa ni dhambi kwa mtu kuwapoteza wale ambao kuwalisha kuko juu yake.

Kama ilivyo desturi ya wanavyuoni kupiga mifano, na achukuliwe Zaidi na Amri, wavuvi wa chombo kimoja, wenye mafungu sawa. Zaidi hutenga shilingi 1,000 katika fungu lake kila usiku wa kazi, na usiku wa kazi ni 20 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja ametenga shilingi 20,000, na kwa miezi 9 ametenga shilingi 180,000. Ziwa likifungwa kwa siku 90, ana shilingi 2,000 kwa kila siku. Hizi hazimtajirishi, wala hazitoshi haja zake zote. Lakini zanunua unga, na kitoweo atakitafuta kwa kibarua. Amri hakutenga. Shilingi 1,000 za kila usiku zilikwenda katika sigara na kahawa na michezo ya bahati nasibu, wala hawezi kuzihesabu zilikokwenda, kwa kuwa kidogo kidogo haionekani ikitoka kama isivyoonekana ikiingia. Bandu bandu huisha gogo.

Ziwa lilipofungwa, Amri alikwenda kwa mnunuzi wa dagaa akamwomba fedha. Mnunuzi akampa, kwa sharti kuwa ziwa likifunguliwa, dagaa wake wote amwuzie yeye kwa bei iliyo chini ya bei ya soko mpaka deni limalizike. Mkopo huu ni haramu. Kila mkopo uliosharutishwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba, na manufaa hapa ni ile bei iliyopunguzwa. Kama walitaka njia ya halali, ilikuwako biashara ya salam: mnunuzi atoe thamani yote pale pale kwenye mkataba, dagaa watajwe sifa zao na kipimo chao, na muda wa kuwatoa ujulikane, uwe ni wakati ambao kwa kawaida wanapatikana. Lakini aliye na njaa hana nguvu ya kusharutisha. Hutia saini alichoandikiwa. Hivi ndivyo kukosa akiba kunavyomwingiza mtu katika riba, naye hakuipenda riba wala hakuitafuta.

Basi jawabu la swali la pili lililotangulia ni kuwa mtu aliyeweza kutenga, naye anajua kuwa siku za kukosa zinakuja bila ya shaka, akatumia chote katika anasa mpaka walio chini yake wakalala na njaa, ana dhambi. Alichokula ni haki ya mke wake na watoto wake ya siku zijazo, na mkono wake ulikuwa ni mkono wa amana tu.

FASLU YA TATU: Shubuha ya tawakuli, na jawabu lake

Wako watu wema wasemao: riziki ya kesho iko kwa Mwenyezi Mungu, na mwenye kuwekea kesho amemdhania vibaya Mola wake. Neno hili lina nusu ya haki. Haki yake ni kuwa riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Kosa lake ni kudhani kuwa sababu alizoziumba Mwenyezi Mungu haziko kwa Mwenyezi Mungu.

Imepokewa na Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. habari ya ngamia wake, amwache akitegemea au amfunge akitegemea, naye akamwamuru amfunge kisha ategemee. Imepokewa na Bukhari kwa Ibn Abbas kuwa watu wa Yemeni walikuwa wakienda kuhiji bila ya masurufu ya njia, wakijiita wenye kutegemea, kisha wakifika Makka huombaomba watu. Aya ya Suratul Baqara ikateremka kuamrisha mahujaji wachukue masurufu. Basi na azingatie mwenye akili: watu wale waliacha kutegemea mikoba yao, wakategemea mikoba ya wenzao. Hiyo ndiyo hali ya wengi wanaojisifu kwa tawakuli katika kuacha akiba. Siku za kukosa hawaendi jangwani wakangojea riziki kutoka mbinguni, bali huenda kwa shemeji, na kwa mwenye duka, na kwa jirani aliyejinyima akaweka.

Na katika kisa cha Nabii Yusuf a.s., mfalme alipoota ndoto yake, Yusuf aliwaonyesha watu wa Misri walime miaka 7, na wanachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka 7 ya ukame. Yusuf ni Mtume, na tawakuli yake haina shaka, kwa kuwa aliijaribu kisimani na gerezani. Pamoja na hayo hakuwaambia watu wangojee. Aliwaonyesha hata namna ya kuhifadhi nafaka isioze.

Tena imesihi katika Bukhari, kwa mapokezi ya Sayyidna Umar, kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka katika mali ya Bani Nadhiri. Kwa hadithi hii Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alipopambanua katika Ihya daraja za wenye kutegemea, alisema kuwa mwenye watu wa kulisha hatoki katika tawakuli kwa kuwawekea chakula cha mwaka. Hata yeye, pamoja na kuipenda zuhudi na kuisifu, hakumruhusu mtu kuzijaribia imani yake njaa za watoto wake. Mtu aliye peke yake akitaka kushinda na njaa kwa ajili ya mazoezi ya nafsi yake, njaa ni yake. Ama mtoto wa miaka mitatu hakuchagua zuhudi.

FASLU YA NNE: Shubuha ya kulimbikiza hali jirani ana njaa

Shubuha hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na mwenye kuisema ana imamu mkubwa nyuma yake. Sahaba Abu Dharri r.a. alikuwa akiona kuwa kila mali iliyozidi haja ya mtu ni kanzi, na akiwasomea watu aya ya Suratu Tawba iliyowaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha. Alikhitilafiana na Muawiya huko Shamu juu ya jambo hili, na mwisho wake alikaa Rabadha, akafia huko mwaka 32 wa Hijra. Asidharau mtu neno lake. Kama jirani analala na njaa, na sanduku la akiba liko nyuma ya ukuta mmoja, moyo hauwezi kutulia kwa kusema tu kuwa hili ni fungu la kodi ya nyumba.

Jumhuri ya sahaba na maimamu hawakwenda na rai yake. Imepokewa kwa Ibn Umar r.a. kuwa mali ambayo zaka yake imetolewa si kanzi. Na Mtume s.a.w. alipomzuru Saad bin Abi Waqqas katika maradhi ya Saad, Saad akataka kutoa mali yake yote au sehemu kubwa, alimzuia mpaka ikafika theluthi, na hata theluthi akaiona ni nyingi, akamweleza kuwa kuwaacha warithi wakijitosha ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono. Kwa hivyo kuwakinga watu wa nyumbani na aibu ya kuomba ni katika makusudio ya sheria.

Lakini ziko khabari mbili ambazo zikisomwa pamoja huonyesha njia ya kati. Ya kwanza ni ile ya chakula cha mwaka. Ya pili ni kuwa Mtume s.a.w. alifariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi kwa shayiri. Itakuwaje mwenye chakula cha mwaka awe na deni la shayiri? Imamu Nawawi ameeleza kuwa alikuwa akiweka chakula cha mwaka, kisha akikitoa katika njia za kheri kabla ya mwaka kwisha, na haja ikamrudia. Maana yake ni kuwa ghala la Mtume s.a.w. lilikuwa na mlango. Alilijaza kwa ajili ya watu wake, na mwenye shida alipokuja hakukuta ukuta.

Hapa ndipo inapotengana akiba na kanzi, na tofauti yake si wingi wala uchache. Shilingi 5,000 zaweza kuwa kanzi, na shilingi 500,000 zaweza kuwa akiba. Akiba ina kazi inayojulikana na siku inayojulikana: kodi ya nyumba, sare na madaftari ya watoto, dawa, mwezi wa Ramadhani, siku za mbalamwezi. Ikifika siku yake hutoka, na mwenyewe hatoki nayo roho. Kanzi haina kazi ila kutazamwa; kila siku ya haja ikifika, mwenyewe husema bado. Suratu Furqan imewasifu waja wa Mwenyezi Mungu kwa kuwa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, na Suratul Israi imekataza mtu kuufunga mkono wake shingoni na pia kuukunjua wote kabisa. Wasomaji wengi hukumbuka nusu moja ya aya hii, na kila mmoja hukumbuka nusu inayomlaumu mwenziwe.

FASLU YA TANO: Mwenye kichache atatenga nini?

Husemwa pia: maneno haya ni ya wenye nacho, ama mtu ambaye pato la siku halitoshi siku, atatenga nini? Jawabu lake ni kuwa watu hawa ni makundi mawili, na haifai kuwachanganya.

Kundi la kwanza ni wale ambao kweli hawana ziada. Hawa hawalaumiwi kwa kukosa akiba, wala haijuzu kuwahubiria uwekevu kama kwamba ufukara wao ni uvivu. Haki yao iko katika mali ya wengine. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi'i wamesema kuwa fakiri mwenye kazi hupewa katika zaka thamani ya vyombo vya kazi yake. Basi mvuvi apewe nyavu, na fundi apewe randa na msumeno. Waislamu wa mji wenye matajiri, wakamwacha mvuvi mwenye mikono mizima akashinda kibarazani kwa kukosa nyavu, kisha wakamsomea hadithi za kujitegemea, wamemdhulumu mara mbili.

Kundi la pili ni wale ambao ziada yao ni ndogo mpaka wanaiona aibu kuiweka. Husema, shilingi 500 zitanifaa nini? Hawa ndio wengi, na risala hii khasa ni yao. Imesihi kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo. Hadithi hii ni katika ibada. Lakini Mtume s.a.w. amesema pia kuwa anachotumia mtu kwa watu wake akikusudia thawabu ni sadaka kwake. Basi mwenye kutenga shilingi 500 kila siku kwa nia ya nafaqa ya watu wake yumo katika ibada yenye kudumu, nayo ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo cha chakula.

FASLU YA SITA: Namna ya kupanga, na mahali pa kuweka

Namna ya kupanga ni nyepesi, na uzito uko katika kudumu. Pato likifika mkononi ligawanywe siku ile ile, kabla ya kupita dukani na barazani. Fungu la kwanza ni la nafaqa ya leo. La pili ni la madeni yaliyofika. La tatu ni la mambo ya nyumba yenye tarehe inayojulikana, kama kodi, umeme na mahitaji ya chuo na shule. Kila moja likatwe kwa siku zake. Mwenye kulipa kodi ya shilingi 90,000 kila miezi 3 anadaiwa shilingi 1,000 kila siku, hata kama mwenye nyumba hajabisha hodi. La nne ni la yasiyojulikana tarehe, kama maradhi na msiba. La tano ni sadaka, japo kidogo, ili ghala liwe na mlango.

Watu wengi hutenga kilichobaki baada ya kutumia, na kwa hivyo hakibaki kitu. Akiba itangulie matumizi ya anasa, kwa kuwa ni nafaqa iliyocheleweshwa tarehe yake tu.

Mafungu haya yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandika madeni, na mtu anayedaiwa na siku zijazo ana haja ya daftari kama anayedaiwa na Mhindi wa duka. Na mke ayajue mafungu. Hindi binti Utba alimshtakia Mtume s.a.w. kuwa mumewe Abu Sufyani hampi cha kumtosha yeye na wanawe, naye akampa ruhusa achukue cha kumtosha kwa wema. Nyumba ambayo mke hajui pato wala mafungu ni nyumba ya kudhaniana: mume huficha, mke hukisia, na katikati yao watoto hukosa madaftari. Wanawake aghlabu ni hodari wa kutunza mafungu kuliko waume, wala hakuna aibu kwa mume kumwekea mkewe amana.

Ama mahali pa kuweka, kuna njia nyingi, na kila moja ina hukumu yake. Upatu ambao watu hutoa kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na mmoja baada ya mwingine hupokea jumla, unajuzu. Jambo hili si geni katika vitabu: Sheikh Qalyubi, aliyefariki mwaka 1069 wa Hijra, ameutaja katika hashiya yake upatu wa wanawake, na kuwa unajuzu kwa kauli ya Waliyyuddin Iraqi. Sharti ni kuwa kila mtu apokee kadiri aliyotoa, na aliyepokea mwanzo asikimbie, kwa kuwa alichopokea ni mkopo wa wenzake. Ama vikoba vinavyokopesha wanachama kwa nyongeza, kisha nyongeza ikagawanywa mwisho wa mwaka, nyongeza ile ni riba, hata kama mlaji wake ni mwanachama mwenyewe. Wenye kikoba wakitaka faida, watie fedha zao katika biashara, wagawane faida na hasara.

Fedha zilizowekwa katika simu, njia ambayo Watanzania waliizoea tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, ziko karibu mno na mkono. Yule ambaye nafsi yake haivumilii na aziweke mbali. Na asiseme mtu kuwa Mwislamu hana benki. Katika mji wa Mit Ghamr huko Misri, mwaka 1963, Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba ndogo ndogo isiyo ya riba, kwa wakulima na mafundi. Haikudumu miaka mingi, lakini ilionyesha kuwa maskini huweka akiba wakipata mahali wanapopaamini. Mwaka huo huo watu wa Malaya walianzisha mfuko wa akiba ya Hija, kwa kuwa wakulima wao walikuwa wakificha fedha za Hija majumbani kwa kuogopa riba. Mfuko huo uitwao Tabung Haji uko mpaka leo. Na Tanzania, Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 kwa misingi ya sheria ya Kiislamu. Aliye mbali na mji na atazame mtu mwaminifu, amwekee amana mbele ya mashahidi. Na akiba ikifika nisabu na ikipitiwa na mwaka, itolewe zaka yake.

KHATIMA

Imebainika kuwa kuweka akiba kwa ajili ya walio chini ya mtu hakupunguzi tawakuli, bali ni katika kufunga ngamia. Na imebainika kuwa mwenye kuweza akaacha, mpaka watu wake wakapata dhiki, hana udhuru kwa kutaja jina la tawakuli. Mwenye kulimbikiza bila ya kazi wala siku naye hana udhuru kwa kutaja jina la akiba. Na asiyekuwa na ziada halaumiwi. Lawama ni ya jirani zake wenye nacho.

Usiku wa giza mvuvi wa Wampembe huwasha taa yake, akatupa nyavu, asijue zitatoka na nini. Hiyo ndiyo sehemu ya tawakuli, kwa kuwa hakuna hila ya mtu inayoingiza samaki katika nyavu. Akirudi alfajiri na fungu lake mkononi, sehemu ile imekwisha, na imeanza sehemu ya amana. Siku ya Kiyama mja huulizwa juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Kwa wengi wetu, ugumu hautakuwa katika kueleza jinsi zilivyopatikana zile shilingi 1,000 za kila usiku, bali katika kueleza zilikokwenda.

Mwenyezi Mungu awape wafuasi wa Mtume wake riziki ya halali na mkono wa kati na kati, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.